Eneo Dogo Tu: Kwa Nini Ninapinga Hoteli Ndani ya Mbuga ya Nairobi

Aprili 2020, wiki chache baada ya kafyu kutangazwa nchini Kenya, nilikuwa nimeketi kwenye paa la nyumba tunayopanga Ongata Rongai, upande unaotazama korongo la Mto Mbagathi, nikisoma kwenye simu rasimu ya mpango wa usimamizi wa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kwa miaka ya 2020 hadi 2030, ambayo wananchi walikuwa wakiombwa kuitolea maoni. Barabara ya Magadi, ambayo siku za kawaida hainyamazi hadi usiku wa manane, ilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia nyani wakigombana ng'ambo ya mto. Nilikuwa na muda mwingi na kazi kidogo, kama wengi wetu mwaka ule, na pengine ndiyo sababu nilisoma waraka ambao kwa kawaida ningewaachia wengine. Nilipofika mahali palipopendekezwa hoteli ya kifahari ndani ya mbuga, pamoja na mgahawa, na uzio kwenye mpaka wa kusini, niliweka simu chini, nikatazama msitu wa mbuga uliokuwa mbele yangu, nikajiuliza ni nani hasa aliyekuwa amelalamika kwamba Nairobi haina vitanda vya kutosha.

Niliandika maoni yangu usiku uleule. Nakala ninayo hadi leo, na kila nikiisoma naona aibu kidogo: kurasa mbili za uchungu, maneno "urithi" na "vizazi vijavyo" yamerudiwa kupita kiasi, na hakuna hata mstari mmoja unaoeleza kwa nini hoteli moja, katika mbuga yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117, ingemdhuru mnyama yeyote. Mtu anayeunga mkono mradi angeweza kunijibu kwa maneno matatu: ni eneo dogo. Na angekuwa amesema kweli. Hapa ninajaribu kuyaandika upya maoni yale, baada ya kusoma na kuuliza zaidi, na kulijibu lile jibu la "eneo dogo tu" ambalo mbuga hii imelisikia mara nyingi mno.

Kwa msomaji asiyeijua Nairobi, lango kuu la mbuga, kule Langata, liko umbali wa takriban kilomita saba kutoka katikati ya jiji. Kaskazini, magharibi na mashariki kuna uzio wa umeme, na nyuma ya uzio huo kuna Uwanja wa Ndege wa Wilson, mitaa ya Langata, na viwanda na maghala ya Barabara ya Mombasa. Upande wa kusini mambo ni tofauti. Huko mpaka ni mto, ambao nyumbu au pundamilia huuvuka akitaka, na ng'ambo yake zinaanza nyanda za Athi na Kapiti, ambazo kwa sehemu kubwa ni ardhi ya wafugaji wa Kimasai katika Kaunti ya Kajiado. Ukijumlisha mbuga na nyanda zote ambazo wanyama wake huzitumia, unapata eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Kwa hiyo kile tunachokiita Mbuga ya Nairobi, chenye malango, vibao na tiketi, ni takriban sehemu moja tu ya ishirini ya makazi ya wanyama tunaowaita wa Nairobi.

Sote tumeiona ile picha ya twiga aliyesimama mbele ya majengo marefu ya jiji. Hupigwa kamera ikielekea kaskazini. Uhai wa mbuga uko mgongoni mwa mpiga picha.

Jambo hili linahitaji kuelezwa polepole, kwa sababu ndilo msingi wa hoja yangu yote. Mvua zinaponyesha, nyasi za mbugani hurefuka na kuwa ngumu, na mnyama anayekula nyasi hazipendi, kwanza kwa sababu hazina lishe nzuri, pili kwa sababu simba hujificha ndani yake. Nyumbu na pundamilia huvuka mto wakaelekea kusini, kwenye nyasi fupi za uwanda, na wengi huzalia huko. Kiangazi kikikaza na vidimbwi vya uwandani vikikauka, hurudi mbugani kwa sababu mabwawa na mito ya mbuga huwa bado na maji. Mbuga basi ni kimbilio la kiangazi, na uwanda ni malisho ya masika. Ukiondoa kimoja, kingine hakitoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa eneo hili walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Leo wamebaki elfu chache, na hawakupungua kwa ugonjwa wala kwa majangili peke yao. Walipungua jinsi njia yao ilivyojaa ua wa senyenge, machimbo ya mawe, nyumba za ghorofa za mji wa Kitengela na ploti za futi hamsini kwa mia.

Nisimame hapa niseme jambo ambalo watetezi wa mbuga, nami nikiwamo, hatupendi kulisema. Mbuga hii haikukutwa tupu. Ilitangazwa rasmi tarehe 16 Desemba 1946, ikiwa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini Kenya, lakini kabla ya hapo Wamasai walikuwa wamekwisha kuondolewa katika sehemu kubwa ya ardhi yao ya malisho kupitia mikataba ya 1904 na 1911, na familia za Wasomali, baadhi yao za askari wa zamani wa jeshi la kikoloni, zilikuwa zikichunga mifugo yao katika ardhi hiyo hiyo ambayo baadaye ilifungwa kwa ajili ya wanyama. Mfugaji wa Kajiado anaposikia watu wa mjini wakipaza sauti kuhusu "mbuga yetu", ana haki ya kuuliza neno "yetu" limeanza lini. Swali hilo halinifanyi nikubali hoteli. Linanifanya niwe mwangalifu ninapotaja nani anadaiwa nini, na nitalirudia mbele.

Sasa turudi kwenye udogo. Ilipojengwa barabara ya Southern Bypass, tuliambiwa kipande kinachohitajika ukingoni mwa mbuga, karibu na Wilson, ni chembamba. Ilipokuja awamu ya kwanza ya reli ya kisasa kutoka Mombasa, kipande kilichoguswa upande wa mashariki kilikuwa kidogo pia. Kisha ikaja awamu ya pili, kutoka Nairobi kuelekea Naivasha, na safari hii reli haikupita ukingoni; ilipita katikati ya mbuga, juu ya daraja lenye urefu wa zaidi ya kilomita sita. Tuliambiwa ardhi itakayochukuliwa ni miguu ya nguzo tu. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa shuleni. Hakuna aliyetufundisha kwamba kibaba humwagwa kwa njia hiyo hiyo.

Kuhusu daraja lile lazima niwe mkweli. Mimi nilikuwa mmoja wa walioapa kwamba hakuna mnyama atakayepita chini yake. Nilikosea. Twiga hupita, pundamilia hupita, na nimewahi kumwona mbuni akitembea kati ya nguzo mbili bila haraka, kama mwenye duka anayekagua mali. Waliobuni kuinua reli hewani badala ya kuilaza kwenye tuta walifanya jambo la busara kuliko nilivyotaka kukiri wakati ule, na mtetezi wa mazingira ambaye hawezi kusema "hapa nilikosea" hastahili kuaminiwa anaposema "hapa nimepatia".

Lakini kuna kitu kilichobomoka reli ile ilipojengwa ambacho nguzo hazikukiokoa. Mwaka 2016 wanaharakati walipeleka shauri kwenye baraza la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira, na baraza likatoa amri ya kusimamisha ujenzi ndani ya mbuga. Mapema 2018 mashine zilikuwa zimeingia kazini. Kwa yeyote aliyekuwa akifuatilia, funzo lilikuwa wazi: amri ya kisheria inaweza kupitwa kama gari linavyopita kibao cha barabarani. Tangu siku hiyo, kila anayetaka kipande cha mbuga anajua kwamba swali la mwisho halitakuwa la sheria, litakuwa la uwezo wa kusubiri makelele yaishe. Hoteli iliyopendekezwa 2020 ilizaliwa katika hali hiyo ya hewa, na ikaletwa kwa wananchi watoe maoni wakati ambapo hata kukutana watu kumi ukumbini kulikuwa kosa.

Basi tuitazame hoteli yenyewe. Tuchukulie, kwa hisani, kwamba ingekuwa ndogo na nzuri, ya mbao na mawe, yenye mapaa ya makuti, iliyojengwa na watu waungwana. Hoteli ya namna hiyo ina wageni, na wageni wanaoga, kwa hiyo kuna kisima cha kuchimbwa au bomba, na kuna majitaka yanayopaswa kwenda mahali. Ina wapishi, wahudumu, wafua nguo, mafundi na walinzi, ambao ama walale humo humo, na hapo unajenga nyumba za wafanyakazi, ama waingie na kutoka kila siku kwa magari. Ina lori la mboga, lori la gesi, lori la taka. Ina jenereta kwa ajili ya siku umeme unapokatika, na sisi wa Nairobi tunajua siku hizo ni ngapi. Jengo ni dogo kweli. Lakini mnyama hakutani na jengo peke yake. Anakutana na barabara, taa, harufu, kelele na watu, na duara la vitu hivyo ni kubwa mara nyingi kuliko mraba uliochorwa kwenye ramani.

Kisha kuna swali la mahali. Hakuna mwekezaji anayejenga hoteli ya kutazama wanyama mahali pasipo na wanyama. Atataka ukingo wa bwawa, au kilele kinachotazama bonde la mto, au pembezoni mwa msitu ambako kifaru hutoka jioni. Kwa maneno mengine, atataka zile hekta chache ambazo wanyama nao wanazitaka, tena wakati ule ule wa kiangazi ambapo hawana pengine pa kwenda. Ukilinganisha hekta hizo na ukubwa wa mbuga nzima, ni kama kumwambia mtu mwenye ngozi ya mita mbili za mraba kwamba unamtoboa tundu dogo tu kooni.

Na kifaru mweusi si mnyama wa kuhamishwa kama kiti. Mbuga ya Nairobi ni moja ya vitalu muhimu vya mnyama huyu nchini. Vifaru wanaozaliwa hapa hupelekwa kuanzisha makundi mapya kwingineko. Katikati ya 2018, vifaru 11 walichukuliwa kutoka Nairobi na Nakuru wakapelekwa Tsavo Mashariki, na wote 11 wakafa, wengi wao kwa sababu maji ya huko yalikuwa na chumvi nyingi kuliko miili yao ilivyozoea. Wataalamu wenye dawa, ndege na magari walishindwa kuwabadilishia vifaru makazi kwa usalama. Sioni kwa nini tuamini kwamba wapiga plasta wataweza.

Jambo ambalo hupuuzwa zaidi ni usiku. Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na ratiba hiyo, ambayo pengine iliwekwa kwa urahisi wa askari wa langoni, imekuwa zawadi kubwa kwa wanyama. Kwa saa kumi na mbili za giza, ukiondoa doria na kambi chache, mbuga inabaki mikononi mwao. Simba huwinda usiku. Fisi hutembea usiku. Vifaru, ambao mchana hujibanza vichakani, hutoka usiku kwenda kunywa. Anayelala mbugani amelipia kuona mambo hayo hasa, kwa hiyo hoteli nzuri ni ile inayowapeleka wageni karibu zaidi na usiku huo, kwa taa na magari. Tayari mwanga wa jiji umeharibu anga la kaskazini. Tungewasha taa na katikati.

Na faida? Hapo ndipo ninaposhindwa kabisa kuuelewa mpango huu hata kibiashara. Mbuga nyingi za Kenya ziko mbali, na mgeni akifika jioni Marsabit au Meru hana budi alale huko. Mbuga ya Nairobi iko mlangoni pa jiji lenye hoteli za kila bei. Mgeni anaamka kitandani pake mjini, anaingia langoni alfajiri, anamwona simba, na saa sita anakula chakula cha mchana mtaani Langata. Pia wako waliojenga nyumba za wageni nje ya mpaka, kwenye ardhi binafsi ng'ambo ya mto, wakiishi kwa mandhari ile ile. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema watetezi wa utalii, nami sina ugomvi na methali hiyo. Ninauliza tu mwenyeji ni nani hapa. Kitanda kikihamishwa kutoka ng'ambo ya mto kikaingia ndani ya mbuga, mwenyeji anayeponywa si yule mwenye ardhi wa Kajiado tunayemwomba kila siku awavumilie simba wetu.

Uzio nao uliwekwa katika rasimu ile kama jambo la usalama, na ninaelewa kwa nini unavutia. Machi 2016 simba walitoka mbugani mara kadhaa. Mmoja alimjeruhi mtu kando ya Barabara ya Mombasa, na mwingine, ambaye watu walimpa jina la Mohawk kwa sababu ya manyoya yake, alifika hadi Isinya, akazungukwa na umati wenye simu na mawe, na akapigwa risasi baada ya kumjeruhi mtu. Miaka minne kabla, 2012, simba sita waliuawa Kitengela na wafugaji waliochoka kupoteza mifugo. Mtu aliyezika kondoo au aliyeshonwa majeraha hospitalini hahitaji somo la ikolojia kutoka kwangu. Hata hivyo uzio wa kusini ungegeuza kimbilio la kiangazi kuwa zizi. Nyumbu waliobaki ndani wangekosa malisho ya masika, waliobaki nje wangekosa maji ya kiangazi, na kundi la simba lililofungiwa katika kilomita za mraba 117 lingezaana lenyewe kwa lenyewe hadi damu idhoofike. Na hoteli na uzio havikuwekwa katika waraka mmoja kwa bahati. Ukishaamua kwamba mbuga ni ua wa hoteli, ni kawaida kwamba utataka ua huo uwe na ukuta, ili mgeni aliyelipa awe na hakika ya kumwona mnyama ambaye hana pa kwenda.

Upande wa kusini ninaujua kidogo kwa sababu ya mzee mmoja wa Tuala ambaye huniuzia maziwa tangu nihamie Rongai. Ardhi yake inateremka kuelekea mto, na haina ua wowote. Siku moja nilimuuliza, "Mzee, mbona jirani zako wote wameshaweka ua, na wewe bado?" Akacheka. "Mwanangu, nikiweka ua, ng'ombe wangu watapita wapi wakati wa kiangazi?" Nilikuwa nimetarajia anijibu kuhusu pundamilia. Ndipo nilipoelewa kwamba uwanda ulio wazi unamfaa yeye kwanza, na wanyama wamekuwa wakinufaika kwa sababu mahitaji yao na ya ng'ombe wake yanafanana. Mfugaji anayehama kufuata nyasi na nyumbu anayehama kufuata nyasi ni washirika wa muda mrefu, ingawa mmoja wao hupoteza ndama kwa simba mara kwa mara na anajaza fomu za fidia ambazo haoni majibu yake.

Ni katika ardhi kama ya mzee huyu ambako mbuga itaokolewa au itapotea, na jambo hilo halikuanza kujulikana jana. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela dola nne kwa eka kwa mwaka, kwa masharti kwamba wasiweke ua, wasichimbe mawe na wasiwaue wanyama. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, wakati shule zinapofunguliwa, na mtu aliyewahi kulipa karo anajua akili iliyomo katika ratiba hiyo. Kina mama wa nyumbani walikuwa wakihimizwa waje siku ya malipo pamoja na waume zao. Ulikuwa mpango mwema, na udhaifu wake ulikuwa ule ule wa siku zote, yaani fedha zake zilitegemea wafadhili, huku bei ya ardhi ikitegemea soko. Dola nne haziwezi kushindana na dalali anayekata eka moja kuwa ploti nane na kuuza kila moja kwa mamia ya maelfu ya shilingi.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba mbuga inahitaji hoteli ili ijitegemee kwa fedha, swali langu ni kwamba fedha hizo zinatafutwa zikafanye nini. Kama ni kununua mafuta ya magari ya doria na kutengeneza barabara, sawa, mahitaji hayo ni ya kweli. Lakini kufa kwa mbuga hakutaletwa na barabara mbovu. Kutaletwa na kufungwa kwa upande wa kusini, na fedha pekee zinazoweza kuzuia hilo ni zile zinazovuka mto na kuingia mfukoni mwa mwenye ardhi. Sehemu ya ada ya langoni, ambayo inakusanywa kila siku, ikipelekwa huko kwa sheria na kwa kiwango kinachojulikana, ingefanya kazi ambayo hoteli mia moja haziwezi kuifanya. Hapa ndipo swali lile la neno "yetu" linapopata jibu la vitendo: waliopokonywa malisho wakati mbuga inaundwa wangekuwa wa kwanza kulipwa kwa kuendelea kuwapo kwake.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inailinda mipaka ya hifadhi za taifa vizuri kuliko watu wanavyodhani. Kuibadilisha kunahitaji idhini ya Bunge la Taifa, na wabunge hata kama wamelala ni lazima waamshwe wapige kura. Lakini hoteli haibadilishi mpaka. Inaingia kwa kukodishwa eneo, ikipitia mpango wa usimamizi na leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira, karatasi mbili ambazo hazimlazimu mbunge yeyote kusimama na kusema ndiyo au hapana mbele ya kamera. Ramani inabaki ile ile, kilomita za mraba zinabaki 117, na waziri anaweza kuapa bila kusema uongo kwamba hakuna hata inchi moja iliyotolewa. Ndiyo maana siku hizi ninaona mradi wa ndani kuwa wa hatari kuliko barabara ya ukingoni. Barabara huonekana ikija.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye binafsi ameumizwa. Wangari Maathai hakuwa na kifungu hicho mwaka 1989, alipopinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimikwa ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma katikati ya Nairobi. Alikuwa na taipureta na orodha ya anwani. Aliwaandikia maofisa wa serikali, mabalozi na mashirika ya kimataifa barua moja baada ya nyingine, akidhihakiwa bungeni yeye na wenzake kuwa kundi la wanawake walioachika, hadi wafadhili wakaona haya na mradi ukafifia. Uhuru Park haikuwa na vifaru. Alichotetea ni nafasi ya mchuuzi wa kawaida kulala kwenye nyasi saa ya mapumziko. Lakini hoja aliyokabiliana nayo naitambua: bustani ni kubwa, jengo litachukua sehemu tu, na nafasi nyingine itabaki.

Maoni yangu ya 2020 yangekuwa mafupi kama ningeyaandika leo. Ningetaka kujua hoteli itachota maji wapi, majitaka yake yatakwenda wapi, magari mangapi yatapita baada ya saa kumi na mbili jioni, na ni shilingi ngapi kati ya kila elfu zitavuka mto. Ningedai majibu ya maandishi kabla ya mchoro wowote. Neno urithi ningeliacha.

Mwezi uliopita nilikwenda Tuala kulipa deni la maziwa. Mzee hakuwapo, nilimkuta mwanawe wa kwanza, aliyerudi kutoka kazini mjini, akizungumza kwa simu na mtu kuhusu bei. Ploti za jirani, aliniambia baadaye, zinatangazwa kuwa na mandhari ya mbuga, na neno hilo peke yake limepandisha thamani yake. Kando ya zizi palikuwa na nguzo za zege zimepangwa vizuri, na mabunda mawili ya senyenge yakiwa bado kwenye karatasi zake. Nilimuuliza ni za nani. Akasema amezinunua yeye, lakini baba yake amekataa zichimbiwe hadi mvua zipite, kwa sababu pundamilia wako ng'ambo hii na bado hawajarudi.